KIA hadi Nairobi: dakika 55 kwenye tiketi, saa sita njiani

Mtu akiuliza Arusha hadi Nairobi ni umbali gani, kwanza mrudishie swali: unapima kutoka wapi? Mji kwa mji, kwa mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 231. Kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kama 235. Kwa barabara, kupitia Longido na Namanga, ni kama 270. Mitandaoni utakutana pia na 146 na 127, ukadhani kuna aliyekosea. Hapana. Ya kwanza ni maili za nchi kavu, ya pili ni maili za baharini wanazotumia marubani, ambapo moja ni mita 1,852. Safari ni ile ile.

Anayetaka kuhakikisha mwenyewe hahitaji hesabu kubwa, kwa sababu viwanja hivi viwili vimekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini. KIA iko digrii 3.43 kusini mwa Ikweta, Jomo Kenyatta iko digrii 1.32. Toa, inabaki 2.11. Zidisha kwa 111, ambazo ndizo kilomita za digrii moja ya latitudo, unapata 234. Kilomita iliyobaki inatokana na Nairobi kukaa magharibi kidogo ya KIA.

Hesabu hiyo ni ya ndege lakini. Wewe unayetoka Arusha mjini unaanza safari ya kaskazini kwa kwenda mashariki. Uwanja uko karibu kilomita 50 kutoka mjini, na katika hizo zote hujaisogelea Nairobi hata kidogo. Unapita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, unafika njia panda ya KIA, kisha unaingia kulia kilomita kama sita hadi jengo la abiria. Barabara ni nzuri, na kipande cha Sakina hadi Tengeru kina njia nne. Kinachokula muda ni vibao vya 50. Kila penye makazi unashuka hadi mwendo huo, na askari wa barabarani wenye tochi za kupimia mwendo wanajua vizuri mahali ambapo dereva anasahau kushuka. Jumatano na Jumamosi ongeza gulio la Tengeru, ambako malori ya ndizi na mboga yanaingia na kutoka barabarani yanavyotaka. Panga saa moja na robo. Dereva anayekuahidi dakika 45 ama anakimbia, ama hajawahi kupita pale siku ya soko.

Sasa ndege yenyewe. Kwenye tiketi utaona dakika 55, au saa moja kamili, na wengi hushangaa: ndege inayokwenda kilomita 800 kwa saa inamalizaje dakika zote hizo kwa kilomita 235? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba muda wa tiketi hauhesabiwi kutoka magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho yake na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Ndani yake kuna kutembea hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri zamu, na dakika chache ambazo mashirika huziweka kwa makusudi ili kuchelewa kidogo kusihesabiwe kuchelewa. Angani kwenyewe ndege hukaa dakika 35 hadi 40.

Ya pili ni kwamba umbali ni mfupi mno kwa ndege kufungulia mwendo. KIA iko mita 894 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia, yenye urefu wa mita 3,600, imelala mashariki kwa magharibi. Upepo wa kawaida pale hutoka mashariki, hivyo mara nyingi ndege huruka ikielekea upande wa Moshi ndipo igeuke kuitafuta kaskazini. Mstari wa moja kwa moja wa kwenda Nairobi unapita kati ya Mlima Meru wenye mita 4,566 na Kilimanjaro yenye mita 5,895, kisha unavuka mpaka kati ya Namanga na Amboseli. Tuseme jeti imepanda hadi futi 24,000. Kufika huko kumeshakula kilomita 80 hadi 100. Kwa kushuka, marubani wana kanuni yao: kila futi 1,000 zinataka maili tatu za baharini. Uwanja wa Nairobi uko juu ya futi 5,300, kwa hiyo kuna futi kama 18,700 za kushuka, yaani maili 56, sawa na kilomita 104. Jumlisha kupanda na kushuka uone kilichobaki katika 235: kilomita kama 30 hadi 50 tu za kwenda sawa. Mhudumu akichelewa kidogo kupitisha juisi, anaanza kukusanya vikombe kabla hujamaliza.

Ndiyo maana kwenye njia hii aina ya ndege haina uzito sana. Ndege ya panga boi aina ya ATR 72 inakwenda kilomita kama 500 kwa saa, Bombardier Q400 kama 650, jeti zaidi ya 800, na zote zinakupeleka Nairobi kwa tofauti ya dakika chache. Anayelipa zaidi ili apande jeti kwa safari ya KIA na Nairobi analipia starehe ya kiti na ukimya. Muda hapati.

Kuna hesabu ya haraka inayosaidia sana unapoangalia ratiba. Kwa jeti, gawanya kilomita kwa 800 upate saa, kisha ongeza dakika 35. Kwa panga boi ya ATR, gawanya kwa 500 na uongeze dakika 25. KIA hadi Nairobi zote mbili zinatoa dakika 53. KIA hadi Dar es Salaam, kilomita kama 448, jeti inatoa saa 1 na dakika 9, ATR saa 1 na dakika 19. KIA hadi Kigali, kilomita kama 787, ni saa 1 na dakika 34 kwa jeti. KIA hadi Addis Ababa, kilomita kama 1,386, ni saa 2 na dakika 19. Angalia hapo: Addis iko karibu mara sita ya umbali wa Nairobi, lakini muda hata mara tatu haufiki.

Faida kubwa ya hesabu hii ni kugundua tiketi yenye kona. Ukiona KIA hadi Addis imeandikwa saa nne, jua ndege inatua mahali katikati, hata kama muuzaji amekwambia ni ya moja kwa moja. Hajakudanganya kabisa. Kwa lugha ya mashirika, safari yenye namba moja ya ndege huhesabiwa ya moja kwa moja hata ikishuka njiani kuacha na kuchukua abiria. Na ndege nyingi zinazokuja KIA huunganisha viwanja viwili kwa mzunguko mmoja, kwa sababu abiria wa upande mmoja peke yao hawajazi viti. Uliza kwa maneno haya: inatua popote kabla ya kufika? Na ukishauliza, mwambie akuonyeshe kwenye kompyuta.

Turudi Nairobi, tujumlishe safari nzima ya mtu wa Arusha. Saa 1 na robo hadi KIA. Kwa safari ya nje unatakiwa ufike mapema: mashirika husema saa tatu kabla, ila kwa uwanja wa ukubwa wa KIA saa mbili zinatosha, isipokuwa ile misimu ambayo wapanda mlima wamejaa, yaani Juni hadi Oktoba na kuanzia mwishoni mwa Desemba. Kaunta ya safari za nje hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na ikifungwa imefungwa. Kumwita meneja ni kupoteza pumzi. Kabla ya kaunta kuna ukaguzi mlangoni, baada yake uhamiaji, kisha ukaguzi wa pili. Ndege dakika 55. Nairobi, uhamiaji na mizigo, panga dakika 45. Kutoka Jomo Kenyatta hadi katikati ya jiji ni kilomita kama 18. Tangu barabara ya juu ya kulipia ya Mlolongo hadi Westlands ifunguliwe mwaka 2022, unaweza kuzimaliza kwa dakika 20 hadi 30; ukipita chini jioni, usiweke ahadi na mtu. Jumla ni saa tano na nusu kwa siku njema, saa sita na zaidi kwa siku ya kawaida.

Mabasi madogo ya Nairobi yanayoondoka Arusha saa mbili asubuhi na saa nane mchana yanachukua saa tano hadi sita. Namanga tangu 2018 ni kituo cha pamoja: unashuka na mizigo mara moja, jengo moja, dirisha la nchi unayotoka kisha la nchi unayoingia. Pasipo na foleni ni nusu saa. Yakifika mabasi makubwa matatu kwa pamoja, ni saa nzima au zaidi. Kwa hiyo mtu wa Arusha anayekwenda Nairobi mjini, bila ndege nyingine ya kuunganisha, apande gari. Muda ni ule ule na nauli ni sehemu ndogo tu ya ile ya ndege. Ndege ya safari fupi haiwezi kuwa rahisi, kwa sababu kodi na tozo za viwanja hazipimwi kwa kilomita. Unazilipa zote hata kama unaruka dakika 40.

Mtu wa Moshi hesabu yake ni nyingine, na ndiye anayepotoshwa zaidi na ushauri wa Arusha. Kwake KIA ni kilomita kama 40 kupitia Boma Ng'ombe, dakika 45 hadi 50. Kwa gari ni lazima kwanza azimalize kilomita 80 za kwenda Arusha ndipo aanze zile 270. Kwake ndege inaokoa saa mbili au tatu za kweli. Wapo wanaopita Tarakea na Oloitokitok hadi Emali. Ni njia nzuri kwa mwenye gari lake, lakini kwa abiria wa kuungaunga magari si ya kuitegemea ukiwa na miadi.

Kwa Dar es Salaam ubishi hakuna. Barabara ni zaidi ya kilomita 600, basi ni kutwa nzima, ndege ni saa moja na kitu, tena safari ya ndani haina uhamiaji na kaunta hufungwa karibu zaidi na muda wa kuondoka. Mkazi wa Arusha atazame pia uwanja wa Kisongo, ulio kilomita nane hivi kutoka mjini upande wa Dodoma. Uko juu zaidi ya KIA, karibu mita 1,387, na njia yake ni fupi; hewa nyepesi na njia fupi haviwapendezi marubani wa jeti kubwa, ndiyo maana pale utaona panga boi na ndege ndogo za Cessna Caravan. Kwenye Caravan mzigo mara nyingi ni kilo 15 tu, na wanataka begi laini linalokunjika. Sanduku gumu la magurudumu haliingii kwenye tumbo la ndege ile hata likiwa jepesi.

Hapo ndipo kosa la kununua tiketi ya uwanja mwingine linapozaliwa. Kwenye tiketi KIA huandikwa JRO na Kisongo ARK. Kati yao kuna saa moja na nusu ya barabara, tena lazima ukatize au uzunguke mji. Nairobi nako vivyo hivyo: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson, ambako hutua ndege ndogo. Anayetua Wilson akiwa na ndege ya Lagos kule Jomo Kenyatta ana kilomita kama 15 za foleni mbele yake. Soma herufi tatu kabla ya kusoma bei.

Halafu kuna saa. Tiketi hutumia saa 24 za kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, na hapo watu wamelala nyumbani ndege ikiondoka. 03:15 ni saa tisa na robo usiku. 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Hatari zaidi ni ndege za baada ya saa sita usiku: tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:40, unatakiwa uwe KIA jioni ya tarehe 14. Ukienda jioni ya tarehe 15 utakuta imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Wateja wa aina hii sisi wauza tiketi tunawaandikia kwa kalamu juu ya karatasi: usiku wa kuamkia tarehe 15, toka nyumbani tarehe 14 saa mbili na nusu usiku.

Kenya, Uganda na Ethiopia zinatumia saa ile ile kama sisi, hakuna cha kubadilisha. (Waethiopia hata wanahesabu saa za mchana kama sisi, ila tiketi zao ni za saa za dunia kama zetu.) Kigali, Lusaka na Johannesburg ziko nyuma kwa saa moja. Tiketi ya KIA hadi Kigali itaonyesha kuondoka 10:00 na kufika 10:35, mtu akaruka kwa furaha kwamba ni dakika 35. Ni saa 1 na dakika 35. Wakati wa kurudi hali inageuka: kuondoka 10:00, kufika 12:35. Muda uleule, ila saa za ukutani ni tofauti. Ukipanga mtu wa kukupokea, mpe saa ya kule unakofika.

Anayeunganisha ndege Nairobi au Addis aangalie kama safari zote ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa moja, begi linapitilizwa na ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya ya kwanza kuchelewa, shirika linakutafutia nyingine. Saa mbili za kati zinatosha. Zikiwa tiketi mbili ulizonunua mbalimbali kwa kufuata unafuu, mara nyingi unaingia uhamiaji, unachukua begi, unapanga foleni upya, na ukichelewa ni hasara yako. Hapo usikubali chini ya saa nne. Asubuhi za Julai mawingu huwa chini Nairobi, na Addis ina mvua zake za Juni hadi Septemba. Ndege huzungushwa angani au kucheleweshwa kuondoka. KIA yenyewe si mara nyingi hali ya hewa kuifunga, lakini ndege unayoisubiri inatoka huko.

Kwa nyaraka, Kenya, Uganda na Rwanda wanavukiana kwa vitambulisho vya taifa, na Watanzania wengi hudhani nasi tumo. Hatumo. Ni pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kadi ya homa ya manjano nayo huulizwa, hasa unaporudi ukitokea Kenya. Chanjo hutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma jana ya safari hakukusaidii. Tangu Julai 2016 inadumu maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10.

Mizigo: kwenye panga boi makabati ya juu ya viti ni madogo, na begi la mkononi hupimwa kweli. Msimu wa mlima tumbo la ndege hujaa mabegi ya wageni, na uzito ukizidi kuna yatakayobaki yaje na ndege inayofuata. Dawa, hati na chaja viwe mkononi. Betri ya akiba ya simu haikubaliki kwenye begi la kaunta, lazima ibebwe mkononi. Asali ni kimiminika. Chupa ya lita moja ya zawadi kwa mkwe ikiwa kwenye mkoba wa mkononi inaishia kwenye pipa la wakaguzi, kwa sababu kikomo ni mililita 100. Ifunge vizuri uiweke kwenye begi la kaunta. Parachichi na miche vinataka cheti cha afya ya mimea. Mifuko ya plastiki iache nyumbani: Rwanda imeikataza tangu 2008, Kenya tangu 2017, sisi tangu Juni 2019.

Kiti: kwenda Nairobi, Kilimanjaro iko kulia na Meru kushoto. Kurudi, Kilimanjaro iko kushoto. Kwenda Dar kaa kushoto. Asubuhi mapema tu. Ikifika saa tano mawingu yameshaufunika.

Kurudi usiku ndiko wengi hawakupangi. Daladala na Noah za Arusha na Moshi haziingii uwanjani, zinapita barabara kuu, na zile kilomita sita hadi njia panda hazitembeki gizani na sanduku. Mchana bodaboda zipo. Baada ya saa nne usiku magari ya kwenda mjini ni ya kubahatisha, na teksi za uwanjani zinajua hilo. Patana na dereva wa nyumbani kabla hujaondoka, mpe namba ya ndege badala ya saa pekee, afuatilie mwenyewe kama imechelewa. Na mkubaliane bei ya kusubiri pia.